Huduma ya mkoba ya kinywa na meno Dodoma: nani asafiri, abebe nini na arudi lini

Mtu akitaja "kliniki tembezi ya meno" mbele ya halmashauri ya kijiji, kila mjumbe huona picha yake kichwani. Mmoja huona basi jeupe lenye kiti cha kulalia, taa na mashine ya kuchonga meno, limeegeshwa chini ya mbuyu. Mwingine humkumbuka tabibu aliyekuja shuleni na sanduku la bati, akakaa darasani kutwa nzima, aking'oa meno ya wanafunzi mpaka jua likazama. Wa tatu hufikiria kambi ya madaktari bingwa kwenye viwanja vya hospitali ya wilaya, foleni ikianza kabla ya alfajiri na wengine wakirudi makwao bila kuonwa. Vitu vitatu hivi huitwa kwa jina moja, ilhali gharama zake, watu wanaovifaidi na muda ambao faida hiyo hudumu havifanani hata kidogo, na ndiyo sababu mjadala wa jambo hili huishia kila mtu kusema lake.

Katika lugha ya halmashauri zetu lipo neno linalopunguza mkanganyiko huo, nalo ni huduma ya mkoba. Ndilo linalotumika kwa chanjo. Muuguzi hutoka zahanati na kisanduku cha baridi, huenda kwenye kitongoji kisicho na zahanati kwa tarehe inayojulikana, huwapima watoto uzito chini ya mti, huchanja, huandika kwenye kadi, kisha hurudi mwezi unaofuata. Hakuna anayeuliza amekuja na gari la aina gani. Mara nyingine ni pikipiki. Ninachotaka kuonyesha hapa ni kwamba huduma ya meno kwa watoto wa kaya maskini na kwa wazee wa Dodoma inapaswa kupangwa kwa namna hiyo hiyo, yaani kama ratiba ya kurudi, na kwamba sehemu kubwa ya tiba inayohitajika inaingia mkobani kweli.

Tuanze na umbali. Mkoa wa Dodoma una eneo la zaidi ya kilomita za mraba 41,000, na Sensa ya 2022 ilihesabu humo watu 3,085,625. Wanaoishi jijini wana Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Hospitali ya Benjamin Mkapa na kliniki kadhaa za binafsi. Wengine wametawanyika Bahi, Chamwino, Chemba, Kondoa, Kongwa na Mpwapwa. Ngazi za huduma huanzia zahanati, zikapanda hadi kituo cha afya, hospitali ya wilaya na rufaa, na kwa kawaida tabibu wa meno hapatikani kwenye ngazi ya zahanati, ambayo ndiyo iliyo jirani na watu. Mganga mfawidhi wa zahanati atampa mwenye jino bovu Panadol na pengine amoksilini, kisha atamwandikia rufaa. Karatasi ya rufaa ni ya bure. Nauli ya kutoka Kwamtoro au Kibakwe hadi palipo na kiti cha meno si ya bure, na anayemsindikiza mtoto au mzee hulipa nauli za watu wawili na kupoteza siku ya shamba. Sera ya Afya ya 2007 inasema kwamba watoto walio chini ya miaka mitano, pamoja na wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo, watibiwe bila malipo. Msamaha huo huanzia kwenye mlango wa hospitali. Kabla ya kuufikia mlango, kila kaya hujitegemea.

Kwa nini basi nasema ratiba ina uzito kuliko gari? Jibu limo katika namna jino linavyooza. Bakteria waishio kwenye ukoga, ule utando laini unaoshika juu ya meno, hula sukari na kutoa tindikali. Tindikali hiyo huyanyonya madini ya jino kidogo kidogo, na mate, yakipata nafasi, huyarudisha. Mtu anayekula vitu vitamu mara chache kwa siku huyapa mate muda wa kukarabati. Anayemung'unya pipi, akanywa soda, kisha chai ya sukari, kisha pipi tena, huyanyima muda huo hata kama kiasi chote cha sukari aliyokula si kikubwa. Uharibifu ukiushinda ukarabati, tabaka gumu la nje hutoboka, na kwa kuwa tabaka hilo halina hisia, mtu haumwi. Tundu likiingia tabaka la pili, jino huanza kushtuka likiguswa na maji baridi. Likifika kwenye kiini chenye mishipa ya damu na ya fahamu, ndipo nyumba nzima inapokesha.

Maumivu ya usiku, kwa hiyo, ni taarifa iliyochelewa. Wakati wa kuziba umekwisha kupita, na yaliyobaki ni mawili: kutibu mzizi, kazi inayohitaji picha za eksirei na mara nyingi vikao zaidi ya kimoja, au kung'oa. Kijijini hubaki moja. Amoksilini inaweza kupunguza uvimbe kwa siku kadhaa, lakini haimfikii vizuri bakteria aliyejificha ndani ya jino lililokufa wala haiondoi tundu, na ndiyo maana jino lile lile humrudisha mgonjwa zahanati baada ya wiki chache. Karafuu wanayoiweka bibi zetu tunduni hutia ganzi kweli, kwa sababu mafuta yake yana yujinoli, kemikali ambayo hata madaktari wa meno huitumia. Nayo vilevile haizibi kitu. Tabibu anayekuja mara moja, akaita "wenye meno yanayouma wajitokeze", atakuta kazi ya kung'oa tu, ataifanya kwa uaminifu, na kijiji kitabaki na mapengo mapya huku matundu yasiyouma bado yakiendelea kuchimbika kimyakimya.

Kwa watoto lipo jino moja linalostahili kutajwa peke yake. Mtoto ana meno ya utoto 20, na akifikia umri wa miaka sita hivi huota gego la kwanza la kudumu, nyuma kabisa ya meno yale, pasipo jino lolote kung'oka ili kulipisha. Kwa kuwa hakuna kilichong'oka, wazazi wengi hulidhani ni jino la utoto litakaloondoka baadaye. Halitaondoka. Ndilo atakalotafunia mpaka uzeeni, na mifereji ya juu yake ni mirefu na myembamba kuliko unywele mmoja wa mswaki, kwa hiyo chakula hujificha humo tangu siku linapochomoza. Mtaalamu akilifikia katika darasa la kwanza au la pili, anaweza kuijaza mifereji hiyo kwa saruji ya meno kabla haijaoza, kazi ya dakika chache isiyo na sindano. Akilifikia darasa la sita, pengine atalikuta ni kisiki. Tofauti ya miaka minne katika tarehe ya ziara ndiyo tofauti ya jino zima.

Na hapa historia yetu wenyewe ina jambo la kusema, ingawa hatuitaji mara nyingi inavyostahili. Mbinu inayotumika leo duniani kuziba meno pasipo umeme ilizaliwa Tanzania. Katikati ya miaka ya 1980, katika mpango wa afya ya kinywa kwa jamii uliokuwa chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mholanzi Jo Frencken na wenzake walianza kuondoa sehemu iliyooza kwa vifaa vya mkono peke yake na kujaza saruji inayoshikamana na jino. Baadaye mbinu hiyo ilifanyiwa utafiti Thailand kuanzia 1991, kisha Zimbabwe, na mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani likaipigia debe katika Siku ya Afya Duniani, ambayo mwaka huo ilihusu kinywa. Wataalamu huiita ART, kifupi cha Kiingereza ambacho hapa hakihusiani na dawa za UKIMWI.

Inavyofanyika ni hivi. Mtoto hulala chali juu ya meza ya darasani iliyotandikwa godoro jembamba, na tabibu hukaa nyuma ya kichwa chake. Kifaa chenye makali kama patasi ndogo hupanua mdomo wa tundu, kisha kijiko kidogo cha chuma huchota sehemu iliyolainika mpaka kingo zibaki ngumu. Kwa kawaida ganzi haihitajiki, kwa sababu kinachochotwa ni sehemu iliyokwisha kufa. Unga na kimiminika cha saruji iitwayo glasi ayonoma huchanganywa, hujazwa tunduni, na tabibu huikandamiza kwa kidole chenye glavu iliyopakwa vaselini, ili saruji iingie hata kwenye mifereji ya jirani. Mtoto huambiwa asile kwa saa moja. Saruji hiyo hutoa madini ya floraidi kidogo kidogo ndani ya jino, na hilo ni faida ya ziada. Upungufu wake nao usifichwe: tundu la upande mmoja hudumu vizuri, lakini matundu yanayogusa pande mbili au zaidi za meno ya utoto hupoteza saruji mara nyingi zaidi, na tabibu mkweli humwambia mzazi hivyo mapema, asije akadhani amelaghaiwa.

Kuna dawa nyingine iliyo rahisi zaidi ya hiyo, nayo imezua ubishi. Ni kimiminika chenye madini ya fedha na floraidi, ambacho tone lake hupakwa kwenye tundu kwa kijiti kidogo. Fedha huua bakteria, floraidi huimarisha jino, na kuoza husimama katika meno mengi yaliyopakwa, hasa dawa ikirudiwa mara mbili kwa mwaka. Haichukui zaidi ya dakika chache, wala haihitaji kuchota chochote. Tatizo lake ni kwamba sehemu iliyooza hugeuka nyeusi tititi na hubaki hivyo. Kwenye gego la mtoto wa miaka minne jambo hilo halimsumbui mtu. Kwenye jino la mbele la binti wa miaka kumi linaweza kumfanya azibe mdomo akicheka. Kwa hiyo ridhaa ya mzazi hapa haiwezi kuwa saini iliyokusanywa na mwalimu wa zamu. Mzazi aonyeshwe picha ya jino lililokwisha kupakwa, aulizwe, na akikataa, kukataa kwake kuheshimiwe. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliingiza dawa hii, saruji ya glasi ayonoma na dawa ya meno yenye floraidi katika orodha yake ya dawa muhimu, hatua inayozipa wizara za afya sababu ya kuzinunua kwa utaratibu wa kawaida, kama zinavyonunua dawa za malaria.

Dawa ya meno yenye floraidi ndiyo nyepesi kuliko vyote vilivyomo mkobani, na pengine ndiyo inayookoa meno mengi zaidi. Mtoto aliye chini ya miaka mitatu atosheke na kiasi cha punje ya mchele, aliye kati ya miaka mitatu na sita kiasi cha punje ya njegere, na wote wateme bila kusukutua kwa maji mengi. Mswaki wa mti, ambao ndio uliokipa jina lake hata kile cha plastiki, unasafisha vizuri ukitumiwa kwa uangalifu, na mti wake hustawi katika nchi kame kama yetu. Kinachokosekana ni floraidi ya kutosha. Hakuna ubaya kuutumia mswaki huo na kupaka dawa kidogo juu yake.

Lakini tukivuka kuelekea Singida, au tukipanda kaskazini hadi Manyara na Arusha, mambo yanageuka. Maji ya visima vingi vya ukanda wa Bonde la Ufa yana floraidi zaidi ya miligramu 1.5 kwa lita, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linapendekeza kisizidishwe, na magadi yanayotiwa kwenye mboga na maharage huongeza nyingine. Mtoto anayekulia huko wakati meno yake ya kudumu yangali yakijengwa ndani ya taya huota meno yenye madoa meupe au ya kahawia, na yaliyoathirika zaidi humeguka. Timu inayotoka wilaya moja kwenda nyingine ni lazima ijue tofauti hiyo, maana doa la kahawia la floraidi mara nyingi liko juu ya jino zima lisilooza, na anayelidhani ni uozo atachimba au atang'oa jino lisilo na kosa.

Ugumu mwingine huanza mapema zaidi, kabla hata jino halijatokeza. Katika sehemu mbalimbali za nchi imeenea imani ya "meno ya plastiki", ambayo wengine huyaita ya nailoni. Mtoto mchanga akiharisha na kupandwa na homa, fizi zake hukaguliwa, na uvimbe mweupe unaoonekana panapokaa chonge ambalo halijaota huhesabiwa kuwa ndio ugonjwa wenyewe. Huchimbuliwa kwa kisu au kwa spoku ya baiskeli. Kinachotolewa ni chembe ya jino changa la utoto. Mtoto hupoteza damu, huweza kupata maambukizi, jino la kudumu lililo chini yake huweza kuharibika, na kuhara kulikomleta hakujatibiwa. Tabibu wa huduma ya mkoba akianza kwa kumkemea bibi wa mtoto mbele ya watu, hatamwona tena. Muuguzi wa kliniki ya mama na mtoto ana nafasi nzuri zaidi, kwa kuwa yeye humwona mtoto kila mwezi na anaweza kuzungumzia chonge siku ambayo mtoto ni mzima.

Wazee tunawaweka katika sentensi moja na watoto kwa sababu wote wawili hutegemea mtu mwingine awapeleke hospitali. Kinywani hawafanani. Jambo la kwanza la kuondoa ni imani kwamba uzee ndio unaong'oa meno. Meno ya mzee hulegea kwa ugonjwa wa fizi uliodumu miaka mingi: ukoga usiosafishwa hugeuka ugaga, ugaga huchokoza fizi, fizi hujitenga na jino na mfupa unaolishikilia huliwa polepole. Kisukari huuharakisha ugonjwa huo, na ugonjwa huo nao huifanya sukari ya damu iwe ngumu kudhibitiwa. Fizi zikishuka, mizizi hubaki wazi, na mzizi hauna lile tabaka gumu la nje, kwa hiyo huoza upesi, hasa kwa mzee ambaye mate yake yamepungua kwa sababu ya dawa za presha au nyinginezo. Dawa ya fedha na floraidi, ambayo kwa binti wa miaka kumi ilileta wasiwasi, kwa mzizi wa gego la babu wa miaka sabini haina ubishi wowote.

Mzee asiye na magego haachi kula, hubadilisha chakula. Huacha karanga, huacha nyama na mahindi ya kuchoma, hubaki na uji, ugali laini wa uwele na mlenda, ambao kwa bahati njema huteleza wenyewe. Mlenda ni mboga nzuri na sina neno baya juu yake, lakini mtu anayeula kwa kukosa namna amekwisha kupunguziwa protini, na katika miezi ya njaa kabla ya mavuno upungufu huo huonekana mwilini.

Meno ya bandia ndiyo yanayoonyesha kuliko kitu kingine chochote kwamba ziara moja haitoshi. Visiki vikishang'olewa, fizi huhitaji miezi mitatu hivi kutulia na kujikaza. Baada ya hapo huchukuliwa vipimo, fundi wa maabara ya meno hutengeneza, mzee hujaribishwa, hurekebishiwa, hukabidhiwa, na baada ya wiki kadhaa ni lazima aonwe tena, kwa kuwa karibu kila seti mpya hukwaruza mahali fulani. Hesabu ni ziara nne au tano. Kambi inayowang'olea wazee meno yote siku ya Jumamosi na kuondoka Jumapili imewaondolea maumivu, hilo nakubali, lakini imewaacha bila cha kutafunia na bila anayejua walipo. Katika makazi ya wazee, kama yale ya Sukamahela kule Manyoni, kazi hii ni rahisi zaidi kwa sababu wahusika wanapatikana mahali pamoja; kwa mzee anayeishi na wajukuu Handali au Mundemu, lazima mhudumu wa afya ngazi ya jamii awe na jina lake kwenye daftari.

Kabla ya kumng'oa mzee jino, apimwe presha. Ikifika 180 kwa 110, kazi isiyo ya dharura huahirishwa na mzee hupelekwa kwa daktari. Aulizwe kama anatumia aspirini au dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda, na kama ana kisukari. Midomo inapokaguliwa, tabibu aangalie pia chini ya ulimi na ndani ya mashavu, hasa kwa wanaotumia ugoro, ambao ni wengi miongoni mwa wazee wetu wa kike na wa kiume. Kidonda kisichopona kwa wiki mbili hakitibiwi kijijini. Kinapewa rufaa siku hiyo hiyo, kwa kuwa huenda ni saratani, na ukaguzi huo wa dakika mbili unaweza kuwa jambo la thamani kuliko yote yaliyofanyika siku hiyo.

Nirudi kwenye lile basi. Halina ubaya wowote. Lina mwanga, lina kinyonya mate, na linaruhusu matibabu ya mzizi na hata picha ya eksirei. Lakini linahitaji dereva, dizeli, jenereta, kompresa isiyopenda vumbi wala makorongo, na maji safi ya kupitisha kwenye mashine. Likiharibika, huduma yote imesimama. Barabara za udongo mweusi za Bahi wakati wa mvua hazipitishi hata magari mepesi zaidi ya hilo. Nionavyo mimi, basi linafaa liegeshwe kwa wiki nzima mahali penye watu wengi, kama Kibaigwa, lipokee rufaa zinazotoka vijijini, na vitongojini waende watu na masanduku.

Kinachoweka mpaka wa kazi kwa wenye masanduku ni usafishaji wa vifaa, jambo ambalo wafadhili hulisahau kirahisi. Kila mgonjwa anahitaji seti yake iliyochemshwa kwa mvuke wa shinikizo, nyuzi 121 kwa dakika 15, na ukijumlisha muda wa kupasha moto, kupoa na kukausha, mzunguko mmoja hukaribia saa nzima. Chombo chenyewe kinaweza kuwa kama sufuria ya presha inayokaa juu ya jiko la gesi au mkaa. Tabibu mwenye seti kumi atatumia nusu ya siku akisubiri sufuria. Mwenye seti arobaini, zilizosafishwa usiku uliotangulia katika kituo cha afya, atawahudumia watoto arobaini bila kuwasha moto. Kwa fedha ambayo ingenunua tairi za basi, seti hizo hupatikana. Sindano zilizotumika huwekwa kwenye kisanduku maalumu na hurudishwa kituoni zikateketezwe, hazizikwi nyuma ya choo cha shule.

Kuhusu kurudi, mkoa huu una uzoefu wake. Tangu miaka ya 1980, Kongwa imekuwa mahali pa utafiti mkubwa wa trakoma, ugonjwa ambao wengi wetu tunaujua kama vikope. Timu zilikwenda kijiji kwa kijiji, zikahimiza watoto kunawishwa nyuso, baadaye zikagawa dawa ya azithromaisini, na zikarudi kupima tena na tena. Katika ugonjwa huo imejulikana kwamba duru moja ya dawa mara nyingi haitoshi mahali ulipokita mizizi, kwa kuwa maambukizi hurejea watu wakisitisha. Kuoza kwa meno hakuambukizwi kwa nzi, lakini kunafanana na vikope kwa jambo moja: chanzo chake kiko katika maisha ya kila siku ya nyumbani, nacho hakiondoki na gari la waganga.

Swali la fedha ni fupi kuliko linavyoonekana. Saruji na dawa za kupaka si ghali kulinganisha na mafuta na posho za safari. Gharama kubwa ni kumhamisha mtu, na safari za huduma ya mkoba ya chanjo tayari zimelipiwa. Tabibu wa meno akipata nafasi moja kwenye gari hilo mara mbili kwa mwaka, sehemu kubwa ya gharama imekwisha kubebwa. Ipo pia CHF iliyoboreshwa, yaani Mfuko wa Afya ya Jamii, ambayo kwa mchango wa shilingi 30,000 kwa mwaka ilikusudiwa kuhudumia kaya ya watu 6, na ipo Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote iliyopitishwa na Bunge hapa Dodoma mwaka 2023. Mwanachama anapaswa kuuliza jambo moja mahususi: je, kuziba jino darasani au kupaka dawa kitongojini kunahesabika kuwa huduma inayolipiwa, au kinacholipiwa ni kile tu kilichofanyika ndani ya jengo? Bima ikilipia kung'oa hospitalini na isilipie kuziba shuleni, vituo vitafuata fedha, na meno yatang'olewa.

Limebaki suala la kalenda, ambalo ningelianzia mimi kama ningepewa kazi hii. Dawa ya kupaka inataka kurudiwa kila baada ya miezi sita. Mvua zetu ni za msimu mmoja, kwa kawaida Desemba hadi Aprili, na katika miezi hiyo wazee wenye nguvu wako shambani na baadhi ya barabara zimekatika. Shule hufungwa Juni na Desemba. Darasa la saba hufanya mtihani Septemba, na darasa la nne baada yao, kuelekea mwisho wa mwaka. Ukiyaondoa hayo yote, zinabaki nafasi mbili zilizo wazi na zinazoachana miezi sita kamili: wiki mbili za katikati ya Mei, mvua zikiwa zimekatika na shule hazijafungwa, na wiki mbili za katikati ya Novemba, kabla watu hawajaanza kupanda. Watoto wa darasa la kwanza walioonwa Mei huonwa tena Novemba. Mzee aliyeng'olewa visiki Mei huchukuliwa vipimo Agosti na fundi anayepita na gari la chanjo, na Novemba huvaa meno yake, kisha Desemba mhudumu wa kitongoji humpitia nyumbani kuuliza yanamkwaruza wapi. Tarehe hizo ziandikwe Januari kwa chokaa kwenye ukuta wa ofisi ya mtendaji wa kijiji, pale ambapo tayari imeandikwa siku ya mnada.